Kosa la Kufumua na Kosa la Kungoja

Mwalimu ana kaunta buku nne. Tatu zimejaa hadi jalada la nyuma. Ya nne ina kurasa kumi na moja zilizoandikwa, zilizobaki ni nyeupe. Riwaya hiyo aliianza mwaka aliozaliwa mwanawe wa mwisho, na mtoto huyo sasa ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Jumamosi moja baada ya alasiri alizitoa kabatini, akaziweka juu ya mkeka uani kwake Ngamiani, mjini Tanga, akasema, "Haya jamani, nisaidieni. Zimenilemea."

Alikuwa ametualika watatu. Mhariri mstaafu, ambaye kalamu yake nyekundu imepita kwenye miswada kwa zaidi ya miaka thelathini. Binti wa miaka ishirini na sita anayeandika hadithi kwenye simu na kuziuza sehemu kwa sehemu katika kundi la WhatsApp, wasomaji wakilipia kwa simu kila wiki. Na mimi, mwandishi wa makala. Karibu na mlango wa jiko alikaa mama yake Mwalimu, anasuka ukili, chane za miyaa zilizolowekwa zimo kwenye beseni ubavuni pake.

Swali la Mwalimu lilikuwa fupi: mtu mwenye kazi ya mchana, mwenye madaftari ya kusahihisha na maandalio ya somo ya kuandika, anamalizaje kitabu bila kukiharibu?

BINTI: Mwalimu, uniwie radhi, lakini wewe huandiki. Unasahihisha. Nimefungua buku hii ya kwanza, ukurasa wa kwanza una mikato kuliko maneno. Mimi kila siku saa tatu usiku lazima nitume sehemu, watu wameshalipa. Nikichelewa dakika kumi simu haitulii. Kwa miaka mitatu nimemaliza hadithi tisa.

MWALIMU: Wewe una watu wanaokungoja. Mimi hakuna anayeningoja.

MHARIRI: Polepole, binti yangu. Katika hizo tisa, ngapi umezirudia kuzisoma tangu mwanzo hadi mwisho?

BINTI: Hata moja, mzee wangu. Nikimaliza hii naanza ile. Kodi haingoji.

Nataka nisimame hapa kidogo, maana nimesikia watu wazima wakizibeza hadithi hizi za simu bila kuzisoma. Huyu binti anafanya jambo ambalo wengi wetu tuliosomea fasihi hatulifanyi: anafika mwisho. Kumaliza ni ufundi unaojitegemea. Namna ya kumrudisha mtu uliyemwacha sura ya pili, namna ya kuutegua ugomvi uliouanzisha mwenyewe, namna ya kutambua kwamba hadithi ilishakwisha kurasa mbili nyuma: mambo hayo yanakaa huko mwishoni, na asiyefika huko hakutani nayo. Mtu anaweza kuandika sura ya kwanza mara ishirini, akawa fundi wa sura za kwanza, na asijue kitabu kinajengwaje.

Mwalimu hakukubali upesi.

MWALIMU: Kuna kitu kinaitwa kuiva. Franz Kafka alikuwa mtu wa ofisi kama mimi, afisa wa bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1912 aliketi saa nne, akanyanyuka saa kumi na mbili asubuhi, hadithi yake ya "Hukumu" imekwisha. Hakuhesabu maneno, hakuwa na kundi. Kitu kiliiva, kikatoka. Mimi nangoja kiive.

MHARIRI: Sema na nusu iliyobaki, Mwalimu. Riwaya tatu za Kafka, hakuna hata moja aliyoimaliza. Tunazisoma leo kwa sababu rafiki yake Max Brod aliambiwa azichome akakataa, akazipanga na kuzichapisha baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1924. Unaye rafiki wa namna hiyo?

Mwalimu alinyamaza. Mhariri hakumwacha.

MHARIRI: Ukitaka mtu wa ofisi, mtazame Anthony Trollope, mtumishi wa Posta ya Uingereza karne ya kumi na tisa. Alimwongezea mtumishi wake mzee pauni tano kwa mwaka ili amwamshe alfajiri, saa kumi na moja na nusu awe amekaa mezani. Saa iko mbele yake: maneno 250 kila robo saa. Kisha anavaa, anakwenda kazini. Ameacha riwaya arobaini na saba.

BINTI: Huyo ndiye mtu wangu.

MHARIRI: Subiri. Katika saa zake tatu, nusu saa ya kwanza haandiki. Anasoma alichoandika jana, anayapima maneno kwa sikio. Jana tu. Harudi mwanzo wa kitabu. Mwalimu, wewe saa yako ni ipi?

MWALIMU: Saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajaamka.

MHARIRI: Na ukikaa, unaanza kwa kufanya nini?

MWALIMU: Nasoma tangu sura ya kwanza ili nipate mwendo. Nikiona pabaya nasahihisha.

MHARIRI: Mpaka?

MWALIMU: Mpaka adhana.

Hapo nadhani kila mtu pale uani aliona palipopotea ile miaka tisa. Uvivu haukuwapo. Mtu anayeamka saa kumi usiku wa Mungu, kwa miaka tisa, si mvivu. Saa yake ilikuwa inaliwa na sura zile zile. Na wala si yeye peke yake: wengi wanaoniambia hawana muda wa kuandika, ukiwauliza vizuri, muda wanao, ila wanautumia kupiga msasa mlango wa nyumba isiyo na paa.

Tena yupo wa kumwangalia hapa hapa nyumbani. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani na mji huu, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa mshahara wa serikali. Mashairi, tenzi, insha na riwaya vilitoka pembeni mwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1962, hajafika miaka hamsini na minne. Nikiitazama rafu yenye vitabu vyake, nauona msururu wa saa za pembeni ambazo mtu hakuziachia.

Binti alitaka kujua kama ahesabu maneno au saa. Mhariri alisema saa. Binti alisema maneno, kwa sababu saa mtu anaweza kuimaliza akitazama dari. Mhariri akajibu kwamba mwenye kuhesabu maneno huanza kuyanenepesha: "kwa kweli" inaingia, "hakika" inaingia, "ghafla bin vuu" inaingia, hesabu inatimia. Kwa maoni yangu yule anayeanza ahesabu saa, na anayekaribia mwisho ahesabu kurasa, maana mwishoni woga huongezeka na saa peke yake haitoshi kumsukuma. Lakini hilo sikupigania, kwa sababu Binti alikuwa ameshafungua simu.

BINTI: Basi mzee, niambie kunenepesha kwangu kuko wapi. Hii ni ya jana.

Akasoma: "Zuhura alifika nyumbani. Alifungua mlango. Alimwona mume wake amekaa kwenye kiti. Alishtuka sana kwa sababu kwa kweli hakutegemea kumwona. Alimuuliza, 'Umerudi lini?'"

MHARIRI: Alifika, alifungua, alimwona, alishtuka, alimuuliza. Tano. Bibi yako alipokutolea hadithi alisema hivyo?

BINTI: Hapana. Alisema sungura alitoka, akaenda, akamkuta fisi.

MHARIRI: "Ali" inafungua mlango mara moja. Baada ya hapo "aka" inamshika msomaji mkono. Ukimrudishia "ali" kila sentensi, kila mara unamtoa nje na kumwambia abishe hodi upya. Tumeipotezea wapi hii? Lugha ni yetu, usimulizi ni wetu.

MWALIMU: Tumeipotezea darasani, kwenye insha zetu. Mtoto anaambiwa asichanganye nyakati, anaogopa, anabaki na moja.

MHARIRI: Sasa niambie, mume amekaaje?

Binti alifumba macho.

BINTI: Hajavua viatu. Begi amelipakata.

MHARIRI: Mbona hukuandika?

BINTI: Sikuwa nimeliona. Nimeliona ulipouliza.

Wakaiandika upya, yeye anasema, Mhariri anauliza, mimi naandika: "Zuhura alisukuma mlango. Mumewe kakaa kitini, viatu hajavua, begi kalipakata kama abiria anayesubiri kuitwa. 'Umerudi lini?'" Maneno 22 yamekuwa 16. "Alishtuka sana" imeondoka yenyewe, kwa kuwa sasa anayeshtuka ni msomaji. Na yule mume, ambaye kwanza alikuwa mtu tu juu ya kiti, amekuwa mtu asiyejua kama atakaa au ataondoka tena. Begi ndilo lililosema.

Binti aliitazama aya ile muda mrefu. Kisha akatoa hoja ambayo hadi leo naiona ndiyo nzito kuliko zote za siku ile.

BINTI: Nzuri. Lakini imetuchukua karibu nusu saa, na sehemu moja ya usiku ina aya thelathini. Nikiandika hivi sitamaliza hata moja. Nitakuwa Mwalimu.

MWALIMU: Na mimi nikiandika kama wewe nitamaliza, ila nitaona haya kumpa mtu asome.

Mhariri aliweka kikombe cha kahawa chini. Alikaa kimya, na alipozungumza hakuwa akimtazama yeyote.

MHARIRI: Nitawaambia jambo ambalo sijalisema mbele za watu. Kwenye nyumba ya uchapishaji niliyofanyia kazi, kijana mmoja alituletea mswada wa kurasa mia mbili na kitu. Ulikuwa na uhai. Nami nilikuwa na bidii, nikaupaka wekundu tangu neno la kwanza. Kila koma, kila "hapo" iliyozidi. Nilimrudishia nikidhani nimemtendea wema. Hakurudi. Miaka mingi baadaye nikamkuta stendi ya mabasi, akaniambia kwamba kwangu alijifunza kuwa hajui Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Pangani! Nilipaswa kumwambia neno moja tu: hadithi yako inaanza ukurasa wa arobaini. Hizo koma zingengoja. Nilianza na kosa dogo, nikalitumia kumuua mtu mwenye kosa kubwa linalotibika.

Hakuna aliyesema kitu. Ndipo Mhariri, pengine kwa kutafuta pa kupumzishia macho, akageukia kule jikoni.

MHARIRI: Mtazameni mama. Anasuka ukili, pima kwa pima. Hashoni mkeka huku anasuka. Kusuka kwanza, kushona baadaye. Nasi tuandike hivyo: rasimu ya kwanza iende tu, masahihisho yaje mwisho.

Ilikuwa picha nzuri, nami nilishaanza kuinakili. Yule bibi, mama yake Mwalimu, aliinua uso.

BIBI: Sivyo, baba.

MHARIRI: Sivyo kivipi, mama?

BIBI: Chane ikiruka mahali pake siiachi. Nafumua hapo hapo. Ukiiacha, kwa shibiri moja huoni kitu. Ukifika pima tatu ukaulaza chini, ukili unakwenda kama nyoka. Hapo hakuna kushona tena, mkeka hautalala.

MWALIMU: Kwa hiyo, mama, kila kosa unalifumua papo hapo?

BIBI: Nani kasema kila kosa? Hizi ncha zinazochomoza, nilipounga miyaa mipya, umeniona nazigusa? Hizi nitazipunguza kwa kisu mkeka ukiisha. Nikizikata sasa nitasuka lini?

Akarudi kwenye kazi yake. Vidole havikuwa vimesimama hata alipokuwa akisema.

Nilifuta nilichokuwa nimekiandika. Sisi tulikuwa tumebishana muda wote kana kwamba makosa yote ni ya aina moja, na kwamba swali ni lini uyasahihishe. Bibi alikuwa anatenganisha. Yako makosa ya chane: nani anasimulia, anataka nini, nani anajua nini, lipi limetangulia. Hayo yakiachwa yanapinda kila kinachofuata, na kadiri unavyokwenda ndivyo gharama ya kufumua inavyopanda. Na yako makosa ya ncha: neno lililorudiwa, sentensi ndefu, "ali" tano, jina la mtaa ambalo huna hakika nalo. Hayo yanachomoza, yanaudhi macho, lakini hayapindi kitu. Kwa miaka tisa Mwalimu alikuwa akikata ncha kila alfajiri. Binti ncha anaziacha, vema, ila chane zake nazo anaziacha.

BINTI: Ni kweli. Kuna hadithi nilimuua mjomba sehemu ya sita, sehemu ya ishirini nikamhitaji. Nilikuwa nimeshatuma. Ningefumua vipi? Ikabidi nimzulie pacha.

MHARIRI: Wasomaji walisemaje?

BINTI: Walilipa. Lakini mmoja aliniandikia faraghani, "Dada, hapo umetudanganya." Lile neno linaniuma mpaka leo.

MIMI: Vipi ukiwa na akiba? Andika sehemu kumi kabla hujatuma ya kwanza. Kila usiku tuma moja, andika moja. Ukiona chane imeruka ndani ya zile kumi, unafumua kabla haijatoka.

BINTI: Siku kumi bila pesa.

MIMI: Mara moja tu. Wakati huo unamalizia kutuma hadithi iliyotangulia.

Alihesabu vidoleni, akasema atajaribu mwezi wa Ramadhani ukiisha. Kisha naye akatoa lake, nami nalipitisha kwa yeyote anayekaa mbele ya karatasi akakosa pa kuanzia: kabla hajalala huandika sentensi ya kwanza ya kesho. Sentensi moja, anaacha. Asubuhi akiwa sokoni Mgandini anaibeba kichwani, na likimjia la pili analisema kwenye simu kwa sauti, kama anayempigia mtu. Jioni hakuti ukurasa mtupu. Anakuta mazungumzo yaliyokwisha kuanza.

Kilichobaki kilikuwa kumtafutia Mwalimu wa kumngoja. Mhariri alitaja mashindano. Muhammed Said Abdulla, alikumbusha, aliupeleka Mzimu wa Watu wa Kale kwenye mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58, akawa wa kwanza, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Siku hizi iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyozinduliwa mwaka 2022, na iko ile ya Safal iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Tarehe ya mwisho ni msaada kwa mtu asiye na mhariri.

BINTI: Tuzo iko mbali mno, mzee. Mwaka mzima! Mwalimu anataka Ijumaa. Mwalimu, kila Ijumaa usiku nisomee kurasa tano kwa sauti, nitumie. Nitasikiliza. Usipotuma nitapiga simu.

MWALIMU: Hata kama ni mbaya?

BINTI: Hata kama ni mbaya. Ukisoma kwa sauti utaisikia mwenyewe kabla sijaisikia mimi. Ulimi hukwama penye kosa, jicho hupita.

Mhariri alivuta buku ya tatu.

MHARIRI: Sasa tutafute chane. Umekwama wapi hasa?

MWALIMU: Sura ya nne. Ndugu wanagombea shamba la minazi. Nimeiandika mara sita, haitembei.

MHARIRI: Wanagombea nini? Mpaka?

MWALIMU: Mpaka.

MHARIRI: Nani anaujua mpaka?

MWALIMU: Babu yao.

MHARIRI: Yuko wapi?

Mwalimu alifungua sura ya tatu, akatazama ukurasa wa mwisho, ingawa nadhani hakuhitaji kutazama.

MWALIMU: Nimemzika.

Kwa miaka mingapi alikuwa akiipaka rangi sura ya nne, na tatizo liko sura ya tatu! Alishika kichwa. Akasema basi itabidi aanze tena sura ya tatu yote, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiona anarudi kwenye shimo lile lile.

MHARIRI: Hapana. Hapa karatasi ina huruma kuliko miyaa. Mama hawezi kuendelea kusuka juu ya chane iliyoruka, wewe unaweza. Andika pembeni kosa ni nini, kisha endelea kana kwamba umeshalitengeneza. Utarudi kumfufua siku kitabu kitakapokwisha, na siku hiyo utajua vizuri zaidi afe lini.

MWALIMU: Niandike sura ya nne na mtu niliyemzika?

MHARIRI: Yuko hai. Wewe ndiye uliyemwahisha.

Mwalimu alichukua penseli. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho wa sura ya tatu akaandika, "Babu hajafa bado." Hakufuta mstari hata mmoja wa mazishi. Akaifunga buku ya tatu, akaifungua ya nne, akazipita zile kurasa kumi na moja bila kuzisoma, jambo ambalo nilimwona likimgharimu. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili akaandika tarehe, na chini yake: "Alfajiri Babu aliwaamsha wote wawili, akachukua panga, akatangulia njia ya shambani."

Akaiacha hapo, kwa ajili ya saa kumi.